Stata Mbili kwa Miezi Kumi na Minne

Mpendwa mshauri Mama Recho, shikamoo, naomba msaada wako maana usingizi naupata lakini amani sina. Mie ni mwanaume wa miaka thelathini na nne, kwetu Tukuyu, nakata nyasi kwenye makazi ya wazee huku Boko, eneo ni kubwa kwa hiyo tuna katrekta kadogo ka kukatia nyasi, unakaa juu unaendesha kama gari, na kazi hii nilitafutiwa na kaka Venance, fundi anayekatengeneza, yeye ndiye alinisemea kwa meneja wetu mama Margareta nikachukua nafasi ya mzee Polikarpo aliyestaafu, na tangu hapo sijakosa kazini hata siku moja, nakata siku nne kwa wiki na kila mgeni anasema bustani haijawahi kupendeza hivi.

Ishu ni stata, kile kimota kinachowasha injini. Mzee Polikarpo alitumia stata moja miaka minane, mie nilipoingia ikafungwa mpya, ikafa baada ya miezi saba, kaka Venance akafunga nyingine, nayo miezi saba ikafa, unageuza ufunguo inagonga kidogo halafu kimya, ndipo mama Margareta akaniita ofisini akaniuliza kwa upole kabisa, "Lusungu, stata zangu zinaenda wapi?" Mshauri, nilielewa anadhani natoa nzima nauza halafu nafunga mbovu, na mie mwizi siyo, ila kwa ile hofu nikajikuta nasema labda fundi anatufungia za mtumba, ushahidi sina, maneno yalitoka tu, na kesho yake kaka Venance akaambiwa asikanyage tena pale, mahali alipofanya kazi tangu panafunguliwa.

Ameletwa fundi mwingine, kafunga ya tatu, na nimeambiwa hii ikifa kabla ya mwaka nami niondoke. Kaka Venance hajanipigia, hajaniuliza kitu. Anakaa jirani, nilikuwaga nikimwona anapita nje ya uzio nashuka tunapiga stori, siku hizi nikimwona naangalia nyasi, naendelea kukata mpaka apotee.

Sijui nakosea wapi, oili naangalia, mashine siigongi, siikimbizi. Hata adabu ninayo, maana kwetu mtu mzima humsalimii huku unapita na kelele zako, kwa hiyo mzee yeyote akikatiza bustanini nazima injini, natoa shikamoo, namuuliza kaamkaje, ndipo nawasha tena, na kwa siku hawapungui ishirini na watano, wananipenda mno. Naomba uniambie stata ya mashine kama hii huishi muda gani, na je, nitafute kazi nyingine kabla sijafukuzwa kwa aibu? Mama yangu ameshautangazia ukoo mzima kwamba naendesha mtambo Dar.

Lusungu, Boko


MAMA RECHO ANAJIBU

Marahaba, Lusungu, ingawa hujui kama nimekuzidi umri. Kwa salamu hiyo tu nilianza kukuelewa.

Pole kwa hofu uliyonayo, kushukiwa wizi si jambo dogo. Mie stata sizijui, kwa hiyo nilimpigia fundi mmoja wa Buguruni nikamsomea barua yako, akacheka mpaka nikaweka simu mbali na sikio. Anasema stata haichakai kwa miaka, inachakaa kwa idadi ya kuwashwa. Ndani mna kaboni, vipande vinavyosuguana na kulika kidogo kila unapogeuza ufunguo, na ukiwasha tena na tena injini ikiwa ya moto na betri haijapata muda wa kujaa, ndiyo unaimaliza kabisa. Mzee Polikarpo, nina hakika, aliwasha asubuhi, akawasha baada ya chai, basi. Wewe mara ishirini na tano kwa siku! Piga hesabu mwenyewe: stata yako kwa miezi saba imewashwa karibu sawa na ya mwenzio kwa miaka minane. Hakuna aliyeiba na hakuna aliyefunga mtumba. Umezimaliza wewe, kwa shikamoo.

Hapo nimecheka na mimi. Kwa Venance sicheki. Mtu amekutafutia mkate, wewe umemchafulia jina ili upone. Eti maneno yalitoka tu. Uliyatoa wewe, ukayaona yanamfukuza mwenzio, ukanyamaza. Kazi unayoogopa kuipoteza, yeye ameshaipoteza kwa ajili yako.

Kwa hiyo usitafute kazi nyingine, usikimbie. Kesho, kabla hujagusa ufunguo, nenda kwa mama Margareta umweleze yote, habari ya kuzima na kuwasha pamoja na huo uongo wa mtumba. Zile stata zilizokufa zifunguliwe mbele yake, aone kaboni zilivyolika. Mwombe amrudishe Venance. Anaweza kukasirika, ni haki yake, lakini mtu aliyekuuliza kwa upole hata kwenye kushuku wizi, nadhani atakusikiliza. Na salamu zako zigeuze utaratibu: wazee wakiwa kwenye uji wa asubuhi, zunguka uwaamkie wote, mmoja mmoja, uulize na magoti yao, ndipo upande mashine. Atakayepita baadaye, simama, zima visu, punguza moto wa injini, inamisha kichwa. Atajua umemheshimu.

Ila barua yako nimeisoma mara mbili, na kuna jambo umeliandika mwenyewe bila kuliona. Wazee ishirini na watano kwa siku unawazimia injini. Aliyekuweka juu ya hiyo mashine anapita nje ya uzio, na ni yeye peke yake unayemwacha apite ikinguruma. Akipita leo, zima, shuka, nenda mpaka kwenye uzio. Stata itaivumilia hiyo moja.