Nyumba ya Nne Kuelekea Rumonge

Mjukuu wangu Jumaine,

Amahoro. Huku Minago tuko wazima, na shangazi yako ameanza tena kukamua mawese. Unasema programu yako inaita nyingine, nayo inajibu faili haipo, wakati wewe unaiona kwa macho yako.

Nilipokuwa msichana, mama alishikwa na uchungu wa kuzaa. Baba akaniambia mlangoni: "Kamwite mkunga, nyumba ya nne kuelekea Rumonge." Nikapitia kwanza kwa shangazi yangu kumwambia, kisha nikaanza kuhesabu kutoka kwake. Ilikuwa mchana, wavuvi wa usiku wote wamelala, njia nzima kimya. Nikabisha hodi nyumba ya nne. Sauti ya mwanamke ikajibu ndani: "Humu hakuna mtu."

Nikarudi mbio. Baba akauliza tu, "Ulianza kuhesabia wapi?" Nikahesabu upya toka mlango wetu, nikamkuta mkunga.

Basi iulize programu imesimama wapi inapoanza kutafuta, au iandikie njia yote tangu mwanzo. Haikudanganyi, pale iliposimama, faili haipo.

Hata yule mwanamke hakunidanganya. Nyumba ile ilikuwa imefungwa tangu yeye, mwenye nyumba, alipozama ziwani.

Bibi yako,
Mwajuma