Flashi ya Mchana kule Mahurunga

Mjukuu wangu Rehema,

Salamu nyingi kutoka Chikongola. Usicheke kuitwa mjukuu. Kwa ukoo mimi ni bibi yako, hata kama nakuandikia huku nanyonyesha. Sote wazima, ila mtoto anaota meno, hatulali.

Unauliza kwa nini mpiga picha wenu awashe flashi mchana, au anawaibia. Sisi tulidhani hivyohivyo, nilipokuwa msichana Mahurunga.

Mama alikuwa anaumwa macho, hawezi kutazama jua, kwa hiyo akakaa jua likiwa mgongoni. Alikuwa hajawahi kupigwa picha. Saidi, mpiga picha kutoka mjini, akapiga, flashi ikawaka.

"Jua lote hili, taa ya nini?" kaka akamrukia. "Hiyo kamera haina filamu! Fungua tuone."

Tulishatapeliwa hivyo: taa inawaka, picha huioni.

"Nikifungua, mwanga unaiunguza filamu, picha zinafutika, shemeji. Jua liko nyuma, uso una kivuli. Taa ndiyo inaumulika."

"Shemeji yako nani? Basi acha baiskeli yako hapa mpaka utuletee picha."

Akaiacha, akadandia lori kurudi mjini. Hata mimi sikumwamini.

Aliporudi na picha tukaigombania. Jua linang'aa ukingoni mwa kanga, na uso wa mama wote upo, mpaka chale za mashavuni. Kaka akamtolea baiskeli yake. Mama akasema, "Mfungieni na muhogo wa njiani."

Mama hakupigwa picha nyingine maishani. Kaka angefungua kamera ile, wanangu wasingeijua sura ya bibi yao. Mtilie shaka mpiga picha wako, mwanangu, muulize, mbane. Lakini kamera usimfungulie.

Bibi yako mdogo,
Zuhura