Breki za Marehemu Simioni

Ndugu Mshauri, pokea salamu kutoka kijijini Nyarero, nisaidie kabla sijachanganyikiwa, maana tangu mpaka wa Sirari ufungwe spea hazipatikani, na breki za nyuma za Landrova yangu zililika hadi chuma kikasaga chuma, nami ndiye ninayepeleka wagonjwa Tarime, basi Christina, mjane wa jirani yangu Simioni aliyekufa gari lake lilipopinduka, akaniambia, "Chukua za kwake, shemeji, yeye hazihitaji tena," nikapiga jeki hapa nyumbani, nikavua dramu za magurudumu, nikafunga breki shuu za marehemu, vile vyuma vinavyobana dramu kwa ndani, na tangu hapo gari langu linalia ule mlio mwembamba wa gari la Simioni akirudi kwake, tena nikishuka mteremko hadi kwenye lango la Christina magurudumu yanakaza yenyewe, moshi unatoka, gari linasimama, na yeye ameshafungua lango, ameshabandika maji ya kuoga, ananitazama kama aliyetegemea mtu mwingine.

Mke wangu Boke hapandi tena. Wiki iliyopita nilivua magurudumu, gari likabaki juu ya mawe. Jioni Christina akaja mbio: "Simioni kasimamisha gari langoni, mbona hashuki?"

Nifanye nini?

Mseti Wangwe

*

Ndugu Mseti,

Pole sana. Lakini unabebaje wagonjwa kwa breki zilizotoka kwenye ajali? Shuu zilizozoea dramu nyingine hazikai sawa kwenye yako, ndiyo maana zinalia. Springi zimechoka, hazizirudishi, na mwisho wa mteremko zimeshachemka zinang'ang'ania.

Gari lisitembee. Zile shuu zako za zamani mpelekee fundi azipigilie lainingi mpya, ule utando unaosugua dramu. Funga upande mmoja kwanza, mwingine uwe mfano wako wa kupanga springi, na springi ziwe nzima. Dramu ifute kwa kitambaa chenye maji, vumbi lile usilipulize, linaharibu mapafu. Gurudumu lizunguke kwa mkono bila kukwaruza, kisha jaribu tambarare, peke yako.

Kuhusu gari lililokuwa juu ya mawe, mimi sijui, na usimlipe mtu akudanganye kwamba anajua. Ninachojua ni kwamba kila jioni ulimletea mama huyu mumewe hadi langoni, halafu ukaondoka naye. Nenda na Boke, mchana, kwa miguu. Mrudishieni shuu zile mkononi, aamue mwenyewe kama zitazikwa. Boke alale kwa mjane huyo siku kadhaa. Na Christina akisema gari limefika, msimbishie. Tokeni naye, msimame langoni mpaka yeye mwenyewe aseme turudi ndani.