Liwa Iliyosalia

Jumatano, baada ya isha

Basi ile krimu nimeitupa, na roho yangu imetulia. Mwanangu Rukia aliiagiza sokoni Kismayo ili awe mweupe kabla ya harusi. Leo mashavu yamembabuka, hata mvuke wa chai unamuuma.

Tangu awekwe ndani kama mwari, ndiyo mara ya kwanza kuniita mwenyewe. Nikasugua kipande cha liwa, ule mti wa kunukia, juu ya jiwe la marehemu mama, nikatia marashi, nikampaka polepole. Hamna kitu humo ila mti na waridi.

"Inapoza, mama," akasema, macho kayafumba.

Naogopa alama zitabaki. Sikumwambia.

Liwa ikasalia kidogo. Nilitaka kuifunika, akanishika mikono, hii iliyokakamaa kwa chumvi ya ng'onda, samaki ninaowakausha, akaipaka kidole kwa kidole.

"Mbona wewe sijakuona ukijipaka hata siku moja?"

Tangu baba yake afariki, mimi...

Vyombo vya chakula bado viko uani. Vitangoja asubuhi. Leo sitaki mikono yangu iguse maji.