Fleti Yangu, Jina la Kaka

Jumapili, Homa Bay. Mvua ilitukuta tukitoka kanisani, ikanyesha nusu saa, ikakatika, na joto likarudi pale pale lilipokuwa. Nimevua viatu, nimekaa kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba hii ya kupanga, na sijui niandike nini kwanza.

Kesho saa tatu asubuhi sahihi zinatiwa. Mpaka Ijumaa nilidhani ni yangu.

Nianze na fleti yenyewe. Vyumba viwili, ghorofa ya pili, dirisha la sebuleni linatazama ziwa. Nimepanga nyumba za watu tangu nilipomaliza chuo. Nilipanga Ntimaru, nikapanga Migori mara nne, na sasa hapa Homa Bay ambako nina duka langu la dawa. Kule Migori kuna mwenye nyumba aliyekuwa akiingia kwangu kukagua kama nimepigilia msumari ukutani. Huyo ndiye aliyenifanya niape kwamba siku moja nitapigilia misumari mpaka nichoke.

Basi nikajisomea. Wiki tatu nimekuwa kwenye simu nikisoma makosa ambayo watu hufanya wakinunua fleti. Mmoja anasema usichukue ghorofa ya juu, maji hayapandi. Mwingine anasema usichukue ya chini, maji machafu yatakurudia. Mmoja anasema nunua kabla jengo halijaisha, mwingine anasema atakayefanya hivyo atalia. Nilisoma yote na nikaamini yote. Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuchanganyikiwa.

Halafu nikayafanya mengi ya makosa hayo hayo. Nilienda kuiona fleti mara moja tu, saa saba mchana, jua limewaka, nikasimama dirishani nikatazama maji. Sikufungua bomba hata moja. Muuzaji, bwana mmoja mchangamfu wa shati la maua, aliniambia kuna watu wengine wawili wanaitaka, na mimi nikatetemeka kama alivyotaka nitetemeke.

Kosa kubwa lakini ni lile ambalo sikuliona kwenye orodha ya mtu yeyote. Nilimtuma kaka yangu akaniongelee.

Kwetu hivyo ndivyo inavyofanyika. Mambo ya ardhi na nyumba huongelewa na mwanamume, na mwanamke asiye na mume hutanguliza kaka au mjomba. Wala sikufikiria mara mbili. Otieno ndiye kaka yangu mkubwa, anaendesha lori la miwa Awendo, na ana sauti ambayo wauzaji huiheshimu. Alikuja mara mbili, akakaa na yule bwana, akapunguza bei, akakagua hatimiliki ya ploti kwa wakili. Kazi nzuri kabisa. Mimi nilikuwa dukani nikiwahesabia watu vidonge.

Ijumaa mchana rasimu ya mkataba ikaja kwenye simu. Mnunuzi: jina la Otieno. Namba ya kitambulisho: ya Otieno. Jina langu halikuwepo hata kwenye ukurasa wa mwisho.

Mimi, ninayewaambia watu kila siku wasome maandishi madogo kwenye pakiti, karibu nisiisome. Niliifungua kwa sababu duka lilikuwa limepoa.

Niliisoma mara nne. Nikajiambia ni karani amekosea. Mteja akaja akitaka dawa ya minyoo nikampa ya kikohozi, akanirudishia mwenyewe akicheka.

Mama alikuwa tayari yuko kwangu. Alivuka kutoka nyumbani, kisiwani Takawiri, Alhamisi kuja kliniki ya presha, na hulala kwangu kila akija, mimi chini kwenye godoro, yeye kitandani. Sababu moja ya kutaka vyumba viwili ni yeye. Safari ile ya mashua na barabara inamchosha, na daktari anataka kumwona kila mwezi.

Jana nikampeleka aione fleti. Sikumwambia habari za jina, nilikuwa naogopa kulisema. Mama hakutazama ziwa hata kidogo, ziwa analo nyumbani. Alifungua mabomba yote. Mawili yalikohoa, moja likatoa maji mekundu kisha likanyamaza. Aligonga kuta kwa kifundo cha kidole. Akapanda hadi kwenye paa, kwa magoti yale, akamkuta mwanamke akianika nguo, akamsalimia kwa Kijaluo, na kabla sijafika juu wakawa wameshajuana koo.

Yule jirani akanieleza vizuri: "Maji inakuja Tuesday na Friday. Ukiskia paipu inalia, wacha hata chapati iungue, kimbia na ndoo. Lakini nyumba ni poa, hatuibiani."

Dakika kumi za mama zilinifaa kuliko wiki tatu za simu.

Kisha akaingia chumba kidogo, akasimama katikati, akageuka pande zote. Akasema, "Kitanda yangu ikae hapa. Isiguse ukuta ya choo." Nikasema sawa mama, na nikajifanya naangalia dari.

Jioni nikampigia Otieno. Nilikuwa nimejiandaa kupiga kelele, lakini alipokea kwa furaha sana hata kelele zikaniishia. Sikuhitaji kumbana. Hakuficha kitu.

"Sister, usiskie vibaya. Nimeweka jina yangu ndio nyumba ibaki kwa boma ya mzee. Ukiolewa je? Si itaenda kwa watu wengine?"

Nikamkumbusha nina miaka arobaini na tatu.

"Hata hamsini watu wanaolewa. Na usipoolewa, haya, siku ukienda tutakuzika wapi? Kwa veranda ya second floor?" Akacheka. Mimi pia nikacheka, Mungu anisamehe, kwa sababu picha yenyewe inachekesha. Akaongeza kwamba atakuja na jogoo kunifungulia nyumba kimila, vile inavyotakiwa, na kwamba baba zetu wadogo ameshawaambia na wamefurahi.

Nilipokata simu ndipo nilipolia.

Sasa nisemeje? Otieno si mwizi. Nikiwa kidato cha pili baba akafariki, na yeye ndiye aliyeacha shule akaingia kukata miwa ili mimi nimalize. Mikono yake bado ina alama. Akiniambia hatawahi kunitoa kwenye fleti ile, namwamini. Lakini mke wake je? Watoto wake, wakikua? Na hata kama hakuna atakayenitoa milele, nitakuwa tena kwenye nyumba ya mtu, safari hii ya mtu ninayempenda. Huyo nitagombana naye vipi kuhusu msumari?

Na upande mwingine nasikia sauti ikiniambia labda ana haki. Nyumbani Takawiri kila kaka yangu ana mahali pake pa kujenga. Mimi sina, na sijawahi kuuliza kwa nini, kwa sababu kila msichana anajua atapewa mahali huko atakakoolewa. Mimi sikuolewa. Basi mahali pangu ni wapi? Nilidhani nimepanunua. Nikikataa jina la kaka, nimewakataa? Watasema duka limenipa kichwa kikubwa?

Usiku sikulala vizuri. Kanisani leo sikusikia mahubiri.

Tuliporudi nikamwambia mama yote. Alikuwa anachambua omena za mchana kwenye sinia. Nilitarajia atamtetea Otieno, maana yule ni kifungua mimba wake na hataki kusikia baya lake.

Hakumtetea wala hakumsema. Aliendelea na omena zake, kisha akasema polepole, "Basi hicho chumba, nyara, mpatie mtu mwingine."

Nyara ni binti yangu. Haniiti hivyo mara nyingi.

Mwanzoni sikuelewa. Kisha nikaelewa, nikajiona mjinga. Mama halali kwenye nyumba ya mwanawe wa kiume. Ni mwiko, na kwake hauna mjadala. Akienda Awendo hulala kwa Otieno bila wasiwasi kwa sababu ile ni ya kupanga, na kwa hesabu yake nyumba ya kupanga ni ya mwenye ploti. Lakini nyumba aliyojenga au kununua mwanawe, hapana. Mwaka ule upepo ulipong'oa paa lake kule Takawiri, alilala jikoni kwake wiki mbili na moshi wote ule, na nyumba ya Otieno ya mabati mapya ilikuwa hatua ishirini tu kutoka hapo. Tulimsihi sote. Alikataa.

Kwa binti asiye na mume hakuna mwiko. Kwangu analala.

Kwa hiyo karatasi ikibaki vile ilivyo, nitakuwa nimenunua chumba cha mama ambamo mama hawezi kulala. Otieno, anayejua mila zote hizo na kutukumbusha kila Krismasi, hakulifikiria hili. Wala mimi.

Nilidhani nitajisikia nimeshinda. Sijisikii hivyo. Naogopa. Muuzaji anamjua Otieno, hanijui mimi. Wazee wameshaambiwa. Nikimpigia kaka sasa hivi na kumwambia habari ya kitanda cha mama, atanyamaza, najua, na kunyamaza kwake kutaniuma kuliko maneno. Je, atakuja na jogoo wake bado? Ningependa aje. Sijui kama ninaruhusiwa kutaka vyote viwili.

Nimeandika ujumbe, nimeufuta, nimeuandika tena: *Kaka, kesho njoo tafadhali, lakini karatasi ibadilishwe kabla ya mtu yeyote kutia sahihi. Nitanunua kwa jina langu. Mama atakuambia kwa nini.* Nimeutuma. Alama zimegeuka buluu. Hajajibu.

Nimeingia jikoni kuteka maji. Nikajikuta najizoeza jinsi nitakavyojibu kesho wakiuliza mnunuzi ni nani. Roselida Adhiambo Okelo. Nimelisema mara mbili, taratibu, nikitazama sufuria.

"Unaongea na nani?" Mama ameuliza kutoka chumbani.

Nimemwambia siongei na mtu, najizoeza tu kusema jina langu.

"Basi sema na sauti," amesema. "Hiyo hata mimi sijaskia."