Taa Iliyozimika Bila Kuguswa

Baba Masika wangu,

Wiki iliyopita alikuja mtu hapa Bwera kunitafuta, na tangu alipoondoka ninazungumza nawe kila nikiwasha moto. Ni mwaka sasa tangu homa ikuchukue, na wale askari wa serikali iliyoanguka nao wamekimbia. Watu wameanza kusema mambo waliyokuwa wameyameza. Mimi pia nina ya kusema, lakini kwanza nikukumbushe tulikotoka.

Unakumbuka nyumba yetu ya Kasese, kwenye barabara ya kupanda Bulembia? Ulikuwa fundi umeme katika karakana ya mgodi, mimi nilikuwa nimeacha kazi ya kuunganisha simu baada ya kumzaa Masika. Wenzako walileta nyumbani mayai au mkaa. Wewe ulileta swichi mbovu za simu, balbu ndogo, na waya uliookotwa kwenye taka. Mama yako akija kutoka Kyondo alikuwa akitazama meza yetu na kuuliza kama hizo zinapikwa.

Mchezo tuliutengeneza pamoja. Balbu kumi na tatu zimepangwa mstari mmoja juu ya ubao, na zote zinawaka. Unabonyeza kibonyezo, kila ukibonyeza taa moja inazimika. Unaruhusiwa moja, mbili au tatu, kisha unaipa mashine zamu yake, nayo inazima za kwake. Atakayelazimika kuzima taa ya mwisho ameshindwa. Akili yote ya mashine ilikuwa katika namna tulivyozipitisha nyaya nyuma ya ubao. Siku ilipokushinda mara ya kwanza ulinishika mkono ukasema, "Mama Masika, tumezaa tena."

Halafu ugonjwa wa mashine ukaanza. Katekista jirani yetu alipita kutusalimu, ametoka kusimamishwa kwenye kizuizi cha askari njiani na bado jasho linamtoka. Ukamkaribisha acheze apoe. Akabonyeza mara moja, taa mbili zikazimika. Tulicheka. Lakini ilirudia, tena na tena, naye akaenda zake akisema kitu hicho kina pepo. Alipotoka tulicheza sisi wawili mpaka chakula kikaungua. Haikukosea hata mara moja.

Tulihangaika nayo majuma mengi. Ulibadilisha betri. Mimi nilisema ni joto la bati, tukaihamishia chini ya kitanda. Ulifungua ubao wote ukatafuta mende. Shemeji yako alipokuja kulia kwamba mumewe hajarudi kutoka Kampala, akabonyeza tu kwa kujisahau, ikamzimia mbili. Sisi ikitutii, wageni ikiwaasi. Ulikuna kichwa ukasema, "Hii kitu inachagua mutu." Ulikuwa umeanza kuiga Kiswahili changu cha Butembo ili kunichokoza.

Sikujua nani alikwenda kutusemea kwa askari. Mpaka leo nikipita Kasese natazama nyuso za majirani wa zamani nikijiuliza, na sipendi moyo huo, lakini ndio nilio nao. Ninachojua ni kwamba asubuhi moja, Masika akiwa kwa shangazi yake Rukoki, gari lilisimama nje, na afande akaingia bila hodi na askari wawili nyuma yake.

"Hii nini?"

"Mchezo, afande," ulisema.

"Mchezo gani iko na waya namna hii? Hii redio. Wewe naongea na watu ya milimani, hawa waasi."

"Hapana, afande. Ni mchezo tu. Naweza kuonyesha."

"Onyesha."

Uliketi. Uliniangalia mara moja. Ukamweleza: nikibonyeza mara moja, taa moja itazimika. Ukabonyeza, zikazimika mbili.

Baba Masika, nimesikia risasi maishani mwangu, nimevuka mpaka usiku na mtoto mgongoni. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa nilipoona ile taa ya pili ikizimika.

"Umesema moja," afande alisema polepole. "Hii ingine naita nani?"

Ukajaribu tena, ikawa mbili tena. Ndipo wakakushika. Ulisema haraka haraka, wanakuvuta, "Mke wangu anaelewa waya, afande, alikuwa wa simu, atatengeneza." Afande akaninyooshea kidole. "Kesho leta hii kambini. Ikifanya ishara tena, wewe hapana ona bwana."

Gari lilipoondoka sikulia. Niliketi pale ulipokuwa umeketi nikabonyeza. Mbili. Nikabonyeza tena. Mbili. Kwa mara ya kwanza mashine yetu ilinikosea mimi, na nikadhani askari wameivunja kwa kuigonga. Nilishindwa hata kushika bisibisi, mikono ilikuwa ikicheza. Nikaegemeza kiwiko mezani ili nitulie, nikabonyeza. Taa moja ikazimika.

Niliinua kiwiko, zikawa mbili. Nikakiegemeza, ikawa moja.

Niligeuza ubao nikatazama kwa karibu kile kibati cha shaba chini ya kibonyezo. Mkono ukitetemeka, kinagusa, kinaachia kidogo, kinagusa tena, yote ndani ya mbonyezo mmoja ambao jicho linauona mmoja. Mashine haikuwa imekosea kuhesabu. Katekista alikuja na hofu, shemeji alikuja na hofu, na wewe ulibonyeza ukiwa na bunduki mgongoni. Sisi wawili tulishindwa kuupata ugonjwa kwa sababu tulipokuwa tukiutafuta tulikuwa na furaha.

Nikachukua kisumaku cha simu, kile ambacho kikishavuta hakiachii mpaka uruhusu, nikakiunganisha kiachie pale tu kibonyezo kinaporudi juu kabisa. Sasa hata mkono ungetetemeka vipi, mguso ungehesabiwa mmoja. Nilijaribu kwa mkono wangu mwenyewe, na wala sikuhitaji kujifanya.

Kesho yake niliifunga kwa kitenge nikaibeba kichwani. Kambini walikutoa. Shati lako lilikuwa limechanika begani, na hukunitazama. Afande akakuamuru ucheze. Mkono wako ulitetemeka kiasi kwamba askari mmoja alicheka. Ukabonyeza. Taa moja. Tena, moja. Mashine ikajibu kama tulivyoifundisha.

Nilidhani yamekwisha, kumbe afande akavuta kiti acheze yeye. Akashindwa. Akarudia, akashindwa tena, na askari wake wakaacha kucheka. Nilijua kwamba anayeanza mchezo ule hawezi kuishinda mashine kamwe. Nikapiga magoti.

"Afande, mukubwa haanzangi. Wacha mashine ianze."

Akanitazama. Akakubali. Mashine ikazima taa moja, kama inavyofanya kila inapozidiwa, nami nikasema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Jaribu tatu, afande. Kila mara tatu." Mwisho ikabaki taa moja, na zamu ilikuwa ya mashine. Afande akapiga meza kwa kicheko.

"Hii mashine iko mjinga!"

"Ndiyo, afande. Iko mjinga."

Akaichukua yeye, akanipa wewe. Tukatembea mpaka nyumbani.

Hukushika waya tena nje ya kazi. Watoto wakipanga njiti za kibiriti sakafuni ulizikusanya ukazitia mfukoni na kutoka nje. Sikukuuliza. Niliogopa jibu, nikajiambia ninakuheshimu.

Huyo aliyekuja wiki iliyopita ni mzee wa Rukoki. Alikuwa nawe katika chumba mlimofungiwa kule kambini. Aliniambia ulikusanya punje za mahindi ya chakula chenu, ukazipanga sakafuni, ukawafundisha mchezo wetu ili wasisikilize mlango. Asubuhi ile niliyoleta mashine ulikuwa ukicheza na kijana mmoja, fundi baiskeli, aitwaye Mbusa. Alikuwa ameshaijua siri ya mchezo, na alikuwa akikushinda. Mlango ukafunguliwa, wakaita jina lake. Akasimama akakuambia, "Kaka, usiziguse. Narudi tumalize."

Mzee anasema ulizilinda zile punje. Wenzako walikuwa na njaa, na hukumruhusu mtu. Ulizilinda mpaka walipokuja kukuita wewe, uje kucheza mbele yangu.

Basi ndivyo ulivyoketi kwenye kile kiti. Na mimi nilikuwa nikitazama taa tu.

Nimeuliza. Mama yake Mbusa yuko hai, anaishi Kyondo, hakuwahi kuambiwa lolote. Jumamosi nitapanda kwenda kwake. Naogopa, Baba Masika, naogopa kama siku zile, kwa sababu sina kaburi la kumwonyesha na atanisomea usoni kwamba wa kwangu alirudi. Lakini nitaketi naye, na akitaka kujua mwanawe alikuwa akifanya nini kabla hawajamwita, nitamwambia alikuwa akicheza, na alikuwa anashinda.

Pumzika, rafiki yangu. Sasa nimejua, huna haja ya kunificha tena.

Mke wako,
Mama Masika