Kigeu cha Mifuko

Mama watoto,

Natumaini homa ya mdogo imeshapoa. Dereva anayekuletea barua hii yuko mlangoni, kwa hiyo nakwambia bila kuzunguka.

Nyapara ameahidi kwamba mpakiaji atakayeandika programu ya kuhesabu mifuko ya saruji atahamia ofisini. Nimejifunza miezi mitatu, mimi niliyeishia darasa la sita, hadi kitabu kimechanika.

Jana karani wa kompyuta alinijaribu. Kigeu, yaani jina linalotunza idadi ya mifuko, nilikitangaza ndani ya kitendo cha kupokea lori, badala ya kukiweka juu, kwenye klasi ya ghala yenyewe, yaani fungu la programu linaloshika habari zote za ghala. Basi kila lori likiingia, hesabu inaanza tena sifuri. Karani akaingiza malori matatu, kompyuta ikakumbuka moja tu.

"Mzee, mawili umeyala?"

"Ndiyo, tena bila chumvi," nikamjibu. Wenzangu wakacheka hadi wakashika mbavu. Mimi roho ilikuwa mkononi.

Kosa nimelirekebisha. Amenipa nafasi ya mwisho, Ijumaa.

Sikukwambia: mwezi uliopita mfuko uliniangukia kiunoni, na mguu wa kushoto umekufa ganzi. Daktari amenikataza kubeba. Wenzangu wananifichia kwa nyapara, ila wamechoka. Nikishindwa Ijumaa, Jumamosi nitapewa mzigo, na sitauinua.

Mama yangu asijue. Wewe hamishia kitanda chetu chumba cha chini, maana nikirudi, ngazi siziwezi.

Wako,
Baba watoto